Mvuvi wa Giza

Hii ni hotuba niliyoitoa Ujiji, uwanjani, usiku wa mbalamwezi, mbele ya wavuvi, wazazi na wanafunzi. Waliokuwa safarini wameniomba niiandike. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni, ila nimeondoa kikohozi changu na zile dakika ambazo jenereta liligoma.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wanafunzi mliokaa kwenye majani, nawaona. Na nyie mliopanda mwembe nawaona pia, shukeni kabla tawi halijawashusha.

Nashukuru mmekuja wengi. Ila tusidanganyane, hamkuja kwa ajili ya mwalimu wa fizikia. Mmekuja kwa sababu ya huyo hapo juu. Mwezi mpevu, dagaa hawakamatiki, mitumbwi imelala Kibirizi na Katonga, na mvuvi ambaye hakuingia ziwani usiku ana sehemu mbili tu za kwenda: kwenye kahawa, au kwa mwalimu anayeongea sana.

Nianze na swali. Mvuvi wa dagaa anaupenda mwezi?

(Haupendi!)

Mmesikia? Hata watoto wamejibu. Na kwa nini haupendi? Mzee wangu wa kiti cha mbele anasema, "Unatuzimia taa." Ndiyo hivyo. Karabai inatawala pakiwa na giza. Dagaa wanaiona, wanaifuata, wanakusanyika, wavu unapanda. Mwezi ukitoka, ziwa zima limewaka taa moja kubwa kuliko yako, nani aikimbilie karabai? Kwa hiyo hapa Kigoma watu wanaoujua mwezi kuliko wote ni wale wasioupenda. Wanajua utatoka saa ngapi, utazama saa ngapi, siku ngapi za giza zimebaki. Baba yangu hakuwahi kuwa na kalenda ya ukutani. Aliisoma juu.

Sasa leo nimekuja na habari za wavuvi wengine. Hawa hawako ziwani. Wako huko huko mwezini, wanauzunguka usiku na mchana, na windo lao bora kuliko yote wamelipata gizani. Nazungumzia vyombo vinavyotumwa kuuzunguka mwezi. Havitui. Havisimiki bendera. Vinazunguka tu, na ndiyo maana havisifiwi. Ukimtaja mtu aliyekanyaga mwezi, kila mmoja ana jina la kutaja. Nikiuliza nani anakijua chombo kilichouzunguka mwezi bila hata kamera kikagundua dalili za maji? Kimya. Basi hotuba yangu ni ya hao wasiosifiwa.

Tuulizane kwanza: kwa nini uzunguke, usitue?

Uso wa mwezi una eneo la kilomita za mraba kama milioni 38. Afrika yetu yote ni kama milioni 30. Wamarekani wa Apollo walitua sehemu 6. Sita! Hebu fikiria mgeni ameshuka hapa mwisho wa reli, akala mgebuka na ugali wa muhogo, akapiga picha Gombe, akarudi kwao kuandika kitabu cha Afrika nzima, pamoja na Cairo. Utamsomea? Mgebuka ataueleza vizuri sana. Cairo je?

Chombo kinachozunguka kinaona kote. Nacho mara nyingi hupitishwa juu ya ncha zote mbili, kaskazini na kusini, mzunguko mmoja kama saa mbili hivi. Chini yake mwezi unajigeuza polepole, siku 27 na kidogo kumaliza. Chukua chungwa, lifunge uzi juu-chini, juu-chini, huku mwenzako analigeuza taratibu. Mwishowe hakuna sehemu ya ganda isiyopitiwa na uzi. Hiyo ndiyo siri yote ya kuzunguka, haina uchawi.

Wa kwanza kuuzunguka mwezi walikuwa Wasovieti. Chombo chao, Luna 10, kiliingia kuuzunguka mwezi tarehe 3 Aprili 1966. Hakikuwa na sola, kilikuwa na betri, na mwisho wa Mei betri ikaisha. Kama tochi. Lakini ndani ya wiki hizo nane kilishapima mionzi inayotoka kwenye miamba ya mwezi na kutoa fununu kwamba kule chini kuna mawe ya jamii ya volkano.

Wamarekani wakafuata Agosti ile ile ya 1966 na vyombo vya Lunar Orbiter. Walituma vitano kwa mwaka mmoja, na vyote vitano vikafanya kazi. Hapa lazima nisimulie kisa. Wenye umri wangu mnakumbuka picha za zamani, unapigwa leo, unaiona baada ya wiki mbili. Tulipomaliza darasa la saba, mpiga picha mmoja, simtaji, alitupanga darasa zima, watoto wenye viatu mbele, wasio na viatu nyuma. Akapiga. Halafu kuna mtu akamfungulia mlango wa chumba cha giza wakati anasafisha filamu. Mwanga ukaingia, darasa letu likaungua. Mpaka leo sina ushahidi kwamba nilimaliza.

Sasa sikilizeni. Miaka hiyo hakukuwa na kamera za dijitali. Lunar Orbiter zilipiga picha za mwezi kwa filamu, filamu ya kawaida, na filamu haiwezi kutumwa kwa redio. Unafanyaje? Wakaweka studio ndani ya chombo. Chumba cha giza kinachoruka! Filamu inapigwa, inasafishwa humo humo, inakaushwa, kisha mwanga mwembamba unaipitia mstari kwa mstari na kila mstari unatumwa duniani kwa redio. Kilomita 384,000 kutoka hapa, na hakuna mtu wa kufungua mlango kwa bahati mbaya. Zilipomaliza zilikuwa zimepiga asilimia 99 ya uso wa mwezi. Kwa picha hizo ndipo Apollo wakachagua pa kutua. Na kanda zenye picha hizo zilikaa miaka mingi, hadi kikundi cha watu wakaamua kuzifufua miaka ya 2000, wakifanyia kazi ndani ya jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's. Sayansi nyingine inafanyikia penye harufu ya chipsi.

Lakini kuna jambo lililotokea ambalo hakuna kamera iliyoliona. Mnajua honi ya treni? Ukisimama kando ya reli, treni ikija honi inalia nyembamba. Ikikupita, sauti inanenepa. Redio ya chombo nayo iko hivyo hivyo. Chombo kikija kwa kasi, mawimbi yanabanana, kikienda, yanalegea. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Paul Muller na William Sjogren, wakisikiliza redio za Lunar Orbiter kwa namna hiyo, wakaona ajabu. Chombo kikipita juu ya mabonde yale makubwa meusi, yale tunayoambiana ni sungura, kinaongeza kasi kidogo. Kuna kitu chini kinakivuta. Mwezi si mzito sawasawa kila mahali! Kuna madonge mazito yamezikwa.

Mbona jambo dogo? Ngojeni. Aprili 1972, Apollo 16 waliachia setilaiti ndogo iuzunguke mwezi. Ilitarajiwa idumu mwaka na zaidi. Madonge yale yakaivuta huku na huku, njia yake ikapinda, ikashuka, ikashuka, na siku ya 35 ikajibamiza chini. Wavuvi mnaelewa. Ziwa linaonekana shwari, chini kuna mkondo, na mkondo hauna bango.

Kwa hiyo ukitaka kuzunguka mwezi salama, ni lazima uujue uzito wake, kila kona. Na kona ngumu ni ule upande wa nyuma. Mwezi unatuonyesha uso mmoja siku zote. Chombo kikipita nyuma, redio inakatika, honi huisikii. Utapimaje? Wajapani walitatua hilo kwa chombo chao Kaguya, mwaka 2007. Waliachia vitoto viwili pembeni, Okina na Ouna, na Okina akawa anapokea sauti ya mama akiwa nyuma ya mwezi na kuipitisha kwetu. Ni kama mtumbwi unaokaa kwenye rasi, unaona pande zote mbili, unapiga kelele kuwapa habari walio ghubani.

Halafu mwaka 2011 Wamarekani wakatuma mapacha, mradi ukiitwa GRAIL. Wanafunzi wa shule ya msingi huko Montana ndio waliowapa majina, Ebb na Flow. Tafsiri yake nani anaijua? Watu wa Pwani mliopo hapa? Kupwa na Kujaa! Watoto wa darasa la nne, jamani. Na lilikuwa jina sahihi, kwa sababu bahari hupwa na kujaa kwa kuvutwa na mwezi.

Pacha mmoja mbele, mwingine nyuma, kilomita kama 200 kati yao, wanazunguka chini kabisa, kilomita 55 juu ya udongo. Kila mmoja anampigia mwenzake redio: uko umbali gani? Wa mbele akifika juu ya donge zito, anavutwa, anamwacha mwenzake kidogo. Wa nyuma akifika, naye anavutwa, anamkaribia. Nendeni mkafikirie mitumbwi miwili inayovuta wavu mmoja. Wa mbele akishikwa na mkondo, kamba inakwambia kabla macho hayajaona. Na tofauti waliyokuwa wanaipima kwenye kamba hiyo isiyokuwepo ilikuwa ndogo kuliko unene wa unywele. Umbali kama nusu ya njia ya kutoka hapa kwenda Tabora, kosa lisifike unywele! Kwa njia hiyo tukajua ganda la mwezi ni jembamba kuliko tulivyodhani, kilomita 34 hadi 43 kwa wastani, na limejaa nyufa na matundu, kama asilimia 12 ni uwazi mtupu. Mwezi umepigwa mawe kwa mabilioni ya miaka mpaka umetoboka ndani.

Baba yangu alikuwa na kamba yenye jiwe. Kila pima moja fundo moja, na pima lilikuwa la mikono yake mwenyewe, na mikono yake ilikuwa mirefu. Anateremsha, jiwe linagusa, anahesabu mafundo. Karibu na ufukwe ilifaa. Mbele kidogo kamba iliisha na jiwe halijagusa kitu, kwa sababu hili ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470. Akawa anasema, "Hapa hapana chini." Palikuwa na chini, baba. Kamba ndiyo ilikuwa fupi.

Mwezini kamba ni mwanga. Chombo kiitwacho LRO kiliondoka duniani tarehe 18 Juni 2009 na kimebeba vifaa saba. Kimojawapo ni LOLA, ambacho ni leza. Kinapiga mwanga chini mara 28 kwa sekunde, na kila pigo limegawanywa vipande vitano, kwa hiyo vipimo 140 kila sekunde. Mwanga unakwenda, unagonga, unarudi. Kutoka kilomita 50 juu, kwenda na kurudi ni theluthi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Saa ya chombo inapima muda huo, wewe unapata kimo. Rudia mabilioni ya mara. Leo ramani ya vilima na mabonde ya mwezi ni bora kuliko ramani ya sakafu za bahari zetu nyingi hapa duniani. Nikilifikiria hilo huwa naangalia ziwa nasikia aibu kidogo.

Sasa tufike kwenye giza. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha, na nitakaa.

Dunia yetu imeinama, ndiyo maana kuna misimu. Mwezi umesimama karibu wima, umeinama digrii moja na nusu tu. Maana yake, kwenye ncha zake jua halipandi, linatambaa ukingoni siku zote. Basi likiwepo shimo kubwa karibu na ncha, jua linamulika ukingo tu, chini haliingii. Haliingii leo, haliingii kesho, halijaingia kwa mamilioni na mamilioni ya miaka. Chukueni Shackleton, kreta, yaani shimo la kugongwa na kimondo, iliyo ncha ya kusini. Upana wake ni kilomita 21, unakaribiana na wa Ngorongoro. Lakini Ngorongoro ina kina cha mita kama 600. Shackleton inazidi kilomita 4. Teremka humo. Giza halina mbalamwezi, kwa sababu wewe ndiye uliye mwezini!

Na baridi? LRO ina kifaa kiitwacho Diviner, kinachopima joto bila kugusa. Mchana kwenye ikweta ya mwezi joto linapita nyuzi 120, maji yangechemka. Ndani ya mashimo ya ncha kimepima hadi karibu nyuzi 250 chini ya sifuri. Maji yakiingia humo, kwa mfano yameletwa na kimondo, hayatoki. Yanakuwa jiwe.

Wanasayansi walilifikiria hili zamani. Tatizo, utaonaje kitu ambacho hakijawahi kumulikwa? Kamera ni jicho, na jicho linataka mwanga. Mwaka 1994 chombo Clementine kilipiga mawimbi ya redio kwenye ncha ya kusini, mwangwi uliorudi duniani ukafanana na wa barafu. Wengine wakasema ndiyo, wengine wakasema ni mawe tu yamekaa vibaya. Ubishi.

Ndipo akaja yule asiye na kamera. Lunar Prospector, Januari 1998. Chombo kizima, hakuna picha hata moja kilichopiga. Kwa nini namsifu? Njooni, vijana, tucheze goroli.

Ukilipiga goroli kwenye ukuta, linarudi kwa nguvu ile ile, sivyo? Ukilipiga kwenye goroli jingine la ukubwa ule ule?

(Linasimama!)

Linasimama, lililopigwa ndilo linaloondoka. Nani kawafundisha? Hakuna, mmejifunza vumbini. Sasa, mwezi hauna hewa, kwa hiyo unapigwa na miale ya angani mfululizo. Miale ikigonga udongo inarusha vitu vidogo sana, nyutroni. Nyutroni zikigonga atomi nzito za mawe, ni goroli kwenye ukuta, zinarudi na kasi yake na kutoka nje. Zikigonga hidrojeni, ambayo uzito wake ni sawasawa na wao, ni goroli kwa goroli. Zinapoteza kasi. Kwa hiyo ukiwa juu unahesabu nyutroni zenye kasi, ukifika mahali zimepungua unajua: hapa chini pana hidrojeni nyingi. Na hidrojeni nyingi mahali pa baridi kama pale, inakaa kwenye nini hasa? Kwenye maji. Lunar Prospector ilifika juu ya ncha, kaskazini na kusini, hesabu ikapungua. Bila kuona chochote! Mvuvi mzoefu akitia mkono majini usiku anakwambia dagaa wapo. Hajawaona.

Walikihitimisha kwa kukibamiza makusudi kwenye kreta ya kusini, Julai 31, 1999, wakitumaini mvuke utaruka. Darubini zikaangalia. Hakuna kilichoonekana. Ndani ya chombo kulikuwa na sehemu ya majivu ya Eugene Shoemaker, mtaalamu wa kreta aliyetamani maisha yake yote kwenda mwezini na hakuruhusiwa kwa sababu ya afya. Akafika. Wengine mtasema si utamaduni wetu kumchoma marehemu, na mimi si wangu. Lakini akafika, na kreta ile baadaye ikapewa jina lake.

Wahindi wakaingia. Chandrayaan-1, Oktoba 2008. Ilikuwa na vifaa 11, vitano vya kwao na sita vya wageni waliopewa lifti, Wazungu wa Ulaya, Wabulgaria, Wamarekani. Kifaa kimoja cha Wamarekani kiliitwa M3, na kazi yake ilikuwa kuangalia rangi. Mama zangu mnaouza mawese, mnanisaidia hapa. Mteja anakuja na dumu, anasema ni mawese safi. Unafanya nini? Unamimina kidogo kwenye kifuniko, unainua juani. Rangi inakwambia kama yamechanganywa. Hujaonja, hujapeleka maabara. M3 ilifanya hivyo kwa mwanga wa jua unaorudi kutoka kwenye udongo wa mwezi, mpaka kwenye rangi ambazo macho yetu hayazioni, za infraredi. Kila madini yanakula rangi yake. Maji na jamaa zake yanakula rangi moja inayojulikana. Septemba 2009 wakatangaza: rangi hiyo imeliwa, na imeliwa zaidi kuelekea kwenye ncha. Wakati wanatangaza, chombo chenyewe kilikuwa kimeshanyamaza. Kilizidiwa na joto, mitambo yake ya kusoma nyota ikaharibika, na mwisho wa Agosti redio ikakatika, siku 312 tu. Kiliwaachia urithi kikaenda.

Na Oktoba 9 ya mwaka huo huo, Wamarekani wakaacha kubisha wakarusha jiwe. Walichukua kipande cha roketi kilichotumika, zaidi ya tani mbili, wakakibamiza kwenye kreta ya Cabeus, gizani. Nyuma yake kilifuata chombo kidogo, LCROSS, kwa umbali wa dakika nne, kikipita ndani ya vumbi lililoruka, kinapima, kinatuma, kinapima, kinatuma, mpaka chenyewe kikagonga. Ndani ya vumbi lile walihesabu maji kilo 155 hivi. Madumu yenu ya lita 20, saba na kitu. Kidogo? Kimetoka kwenye shimo moja, pigo moja, mahali ambapo vitabu nilivyosomea mimi viliandika hakuna maji kabisa.

Nisiwadanganye kwamba ubishi umeisha. Kamera ya Kaguya ilichungulia ndani ya Shackleton kwa ule mwanga hafifu unaodunda kutoka ukingoni, haikuona barafu nyeupe imelala wazi. Huenda imechanganyika na udongo. Ndiyo maana wanaendelea kutengeneza macho ya giza. LRO ina kifaa, LAMP, kinachotazama humo kwa mwanga wa nyota. Mwanga wa nyota, jamani! Na chombo cha Korea Kusini, Danuri, kilichofika Desemba 2022, kimebeba kamera iitwayo ShadowCam, inayohisi mwanga mara 200 zaidi ya kamera ya LRO. Nyie mnawasha karabai dagaa waje. Wao hawana pa kuiwasha, wakanoa macho.

Kijana wa pale nyuma ameuliza, maji hayo ya nini? Kunywa, kwanza. Kisha ukiyatenganisha unapata oksijeni ya kupumua na hidrojeni ya kuendeshea roketi. Kubeba dumu moja la maji kutoka hapa mpaka kule ni gharama isiyosemeka. Mama anayepanda mlima kutoka ziwani na ndoo kichwani anaelewa kwa nini watu wanatafuta kisima karibu.

Nimalizie na mambo mawili mafupi, naona wazee wameanza kuangalia saa.

LRO ilibeba plastiki maalumu inayofanana na nyama ya mwili wa binadamu, ili wapime mionzi itamfanya nini mtu kabla hawajamtuma mtu. Nalipenda hilo. Plastiki imetangulia kuumia. Na tarehe 13 Oktoba 2014, kamera yake ilikuwa inapiga picha, mara picha ikatoka na mawimbi, imetetemeka. Walichunguza miaka mitatu kasoro wakatangaza kwamba iligongwa na chembe ya jiwe isiyofika milimita moja, inayokwenda kasi kuliko risasi. Ikatetemeka, ikatulia, ikaendelea na kazi. Wengine hawana bahati. Februari 2025 kiliondoka chombo kidogo, Lunar Trailblazer, kwenda kutafuta maji hayo hayo. Siku ya pili tu kikanyamaza na hakikurudi hewani.

La pili, wanafunzi. Picha za LRO ni bure. Siyo za kununua, siyo za kuomba. Tafuteni LROC QuickMap, ramani ya mwezi ya mtandaoni, kwenye simu ya mjomba, mkikuta bando. Mtaona nyayo za Apollo, zile njia walizotembea, zinaonekana kama alama za kuku baada ya mvua. Mtaona Cabeus. Atakayeniletea kipimo cha upana wake Jumatatu, namwongezea alama tano.

Sasa nawaomba tuzime taa. Zima hiyo ya jukwaani, na ya duka pia, bwana, dakika kumi tu. Darubini iko pale kwenye meza, ni ya mkono, nimeifunga kwenye kigoda ili isitikisike. Foleni ianze na watoto wadogo. Hapana, samahani, ianze na mzee wangu.

Mzee, funga jicho moja. Unauona? Angalia kulia kwako, upande wa kusini, kuna doa jeupe lenye mistari kama limetupwa unga. Hiyo ni kreta Tycho. Sasa sogea zaidi, kuelekea ukingoni kabisa, mpaka mwezi unapoisha.

Huoni kitu?

Hapo hapo.